Yaya, kazi ya kutengeneza kokteli itanifikisha wapi?

Yaya jambo,

Mi niko mwanamuke wa miaka 25, nilizaliwa Katuba, hapa Lubumbashi, sasa naikala na mama na badogo zangu bawili Kampemba. Nafanyaga kazi ya barmedi lakini siyo ile ya kufungua chupa za bia ya Simba na kuzipeleka ku meza, mi natengeneza kokteli mu launji moja ya kartye ya Golf. Pale banakuyaga bantu ba kampani za mines, Bachina, Bahindi, bazungu ba Afrika Kusini, bakubwa ba hapa mujini na bake zabo, na tena vijana benye banapigaga kwanza foto ya glasi mbele ya kuonja.

Nilianza kwa kuosha glasi. Kulikuwa kaka mumoja wa Ndola, yeye njo alikuwa barmani mukubwa, akaona naangalia sana mikono yake akaanza kunionyesha, ngisi ya kushika sheka, ngisi ya kupima na jiga, kokteli gani inatikiswa na gani inakorogwa polepole na kijiko, ngisi ya kukata ganda la limau bila kufikisha ile nyeupe yenye uchungu. Alirudia kwabo Zambia na patroni akaniweka fasi yake, kazi yake yote niliipata lakini mulipo wake sikuupata. Nalipwaga dola 6 kwa usiku, usiku tano kwa juma, feza mukononi, hakuna karatasi hata moja yenye nilisha kusaini. Nikimuuliza patroni anasema weye uko jurnalie, muntu wa kuitwa siku kwa siku, jurnalie hana kontra. Juu ya ile kunaongezeka matabishi, ile feza bakliyanti banaachaga, siku ya tano na ya posho inaweza kupita mushahara wenyewe, lakini 2025 wakati serikali ilifunga kuuzisha cobalt inje bakliyanti balipunguka sana, na mi nilikuwa narudia ku nyumba na dola 6 yangu tupu.

Kazi yenyewe naipenda yaya, sitakudanganya. Muntu anafika amechoka, anasema nipatie kitu chochote, namuuliza maulizo mawili tu, unapenda uchungu ao utamu, unataka kitu ya nguvu ao ya kupoza mwili, natengeneza, anaonja, ananyamaza, ile dakika naipenda sana.

Lakini mama hapendi. Eko mu kwaya na mu kikundi ya maombi, na bamama benzake banamuuliza mutoto mwenye anarudiaga ku nyumba 3h00 ya usiku anatokaga wapi. Ananiambia mwanamuke wa baa hakuna mwenye kumuoa, na kila usiku wenye naenda kazini yeye halali. Sasa mjomba mwenye eko na depo Kasumbalesa, ku mupaka wa Zambia, anataka niende kule niwe keshe, dola 180 kwa mwezi, kazi ya muchana, naikala kwake. Anangoja jibu.

Tena kuna kliyanti mumoja, muntu wa Ulaya, aliniambia niache mapema, eti kwabo kuna mashini zenye banaita marobo, zinatengeneza kokteli, kuna kokteli za mu kopo zenye ziko tayari, na vijana bengi hawakunywi tena pombe, nyuma ya miaka kumi kazi sawa yangu haitakuwa tena. Ile siku sikulala.

Nifanye nini yaya, niende kwa mjomba ao nibakie? Na nikibakia, hii kazi itanifikisha wapi?

Kitu kingine kidogo, tangu mwezi uliopita patroni anatukataza kutupa chupa tupu za wiski na jini za bei kali, analeta bido ya pombe sijue inatoka wapi anajaza ndani, na juma lililopita aliniambia mi njo nianze kujaza. Sijue kama ni jambo la kuuliza.

Wa Kampemba

*

Mudogo wangu wa Kampemba,

Asante ya kuniandikia. Ile yenye umeandika ku mwisho na kuiita kitu kidogo, mi naanza nayo, juu ndani ya barua yako yote hakuna kubwa kuipita.

Usijaze ile chupa. Hata mara moja, hata akisema ni leo tu juu bantu ni bengi. Haujue ndani ya ile bido kuna nini na nadhani hata yeye hajue. Pombe kali yenye haujue imepikwa wapi na nani inaweza kuwa na metanoli, na metanoli hautaitofautisha na pombe ya kawaida kwa harufu ao kwa ladha, zaidi sana ikisha kuchanganyika na toniki na limau. Kidogo inatosha kupofusha muntu macho, na ikipita pale inaua. Na haionekane palepale, inaweza kukawia masaa mengi, muntu anarudia kwake anadhani amelewa tu sawa siku zingine, asubui anaamuka haoni. Siku ile ikifika polisi bataanza kwa kuuliza nani alimimina, na jina la kwanza litakuwa la kwako. Basi mwambie patroni kwa upole, na kama inawezekana mbele ya mwenzako wa kazi: kokteli nitatengeneza, kujaza chupa sitaweza. Akikufukuza juu ya ile, acha akufukuze. Na usingoje akufukuze, anza kuangalia fasi zingine kuanzia hii juma.

Unaona, hapa nimesha kujibu nusu ya swali. Kutengeneza kokteli na kufanya kwa ule patroni ni mambo mawili, na mu barua yako yamechanganyika, woga wenye unao juu ya ile launji umekuwa woga juu ya kazi yote. Kazi usiiache. Ile launji utoke.

Sasa, ile ya "jurnalie hana kontra" ni bongo, siyo kweli. Sheria ya kazi ya Kongo, ile ya tarehe 16 oktoba 2002, inasema muntu mwenye anaitwa kazini siku kwa siku, akisha kufanya siku 22 ndani ya miezi 2 na ukamuita tena mbele ile miezi 2 haijaisha, kontra yake inahesabiwa sawa ya muda usio na mwisho. Weye unafanya usiku tano kwa juma, ndani ya miezi 2 umesha kukaribia mara mbili ya ile hesabu, na uko pale miaka. Na kukosa karatasi hakufute kazi yako, mufanyakazi anaruhusiwa kuonyesha kwa njia yoyote kama alikuwa anafanya: mesaje za WhatsApp zenye patroni anakuita, ratiba yenye ilibandikwa ku mulango wa kikoni, foto, benzako benye batakubali kusema. Basi ununue kadaftari. Andika kila usiku tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, dola ngapi umepokea. Sheria iliweka masaa 45 kwa juma, kuipita pale ni masaa ya kuongeza na yanalipwa zaidi, lakini kama haukuandika utahesabu nini? Ikifika wakati wa kudai, njia inaanzia ku inspection ya kazi, bale banawaitaga weye na patroni mutafute kusikilizana, na tribinali haikupokei mbele ya kupita pale.

Nakaza sana juu ya karatasi juu niliona 2020 na macho yangu. Tarehe 18 marsi rais alitangaza kufunga masomo, makanisa, baa, restora, na baa zilifunguka tena mwezi wa saba tu, kisha desemba ile ile kukaingia amri ya kila muntu kuwa ku nyumba kuanzia 21h00, na launji yenye inafunga 21h00 ni sawa imefungwa. Kazi ya baa ni ya kwanza kufungwa na ni kati ya zile za mwisho kufunguliwa, ile ujue. Barmani ba mukononi balirudishwa kwabo na neno moja tu, hakuna mwenye alibadai, hakuna mwenye alijua hata waliko, na niliona vijana ba mikono mizuri kabisa bakiuzisha kredi ya simu ku kona ya barabara miezi na miezi. Kwa hiyo fasi yenye utaingia sasa, hata kama patroni anacheka vizuri, uliza kontra mbele ya kuvaa tabliye, na uulize kama banaandikaga bafanyakazi ku CNSS, ile kese ya serikali ya kulinda bafanyakazi. Kazi yenu ina chupa za kuvunjika, sakafu ya maji, kupanda taxi-moto usiku, na CNSS inabebaga aksida ya kazi, lakini inabebea mwenye ameandikwa.

Tukuye ku marobo yenye yalikukosesha usingizi. Ule muntu wa Ulaya hakudanganya, yako. Tangu 2014 ile meli kubwa Quantum of the Seas iko na baa yenye mikono ya chuma inatikisa sheka na kumimina, unachagua ku tablet inakutengenezea. Na mu meli ile ile, ku kontwari zingine, bado kuna barmani ba mwili na damu. Robo inataka umeme wenye haukatike, inataka fundi, inataka vipande bya kutoka mbali, hapa kwetu kwenye unajua mwenyewe jeneratere inawashwa mara ngapi kwa juma. Na haijue kumuangalia muntu akiingia na kuona kama leo amekuya kusherehekea ao amekuya kusahau kitu. Kokteli za kopo nazo zitaongezeka, ni kweli, lakini ni za muntu mwenye anakunywa kwake ao ameenda kutembea Kipopo na batoto, mwenye anavaa vizuri na kupanda mupaka Golf hakuye kufunguliwa kopo.

Ile ya bantu kupunguza pombe, ile sasa uichukue kwa uzito. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi hakuna kiasi cha pombe chenye mutu anaweza kusema hakina hatari ku afya. Mu Marekani, kampani ya Gallup banaulizaga bantu tangu 1939 kama banakunywaga pombe, na 2025 benye balijibu ndiyo balikuwa 54 kwa mia, hesabu ya chini kabisa tangu baanze. Hapa kwetu ukipita komini ya Kenya ao ya Kamalondo ku mangaribi hautaona ile bado. Lakini angalia ku ndoa zetu. Sale yote imejaa, na karibu nusu ya meza ni bantu ba makanisa, mapasta, bamama ba kwaya, mama mwenye mimba, muntu wa kisukari, dereva mwenye atarudisha familia, na bale bote miaka na miaka banapatiwa paka sukre, fanta moja na chupa ya maji, hakuna mwenye alisha kufikiria kama nabo banapenda glasi nzuri. Mi naamini kabisa kesho ya kazi yako Lubumbashi iko ku zile meza kupita ku Golf.

Na bintu bya kutengeneza biko hapa, haiombe kungoja kamyo ya Afrika Kusini. Tangawizi ya kusaga na limau na asali ya pori. Nanasi. Marakuja. Maua ya bisapu yenye inatoa rangi nyekundu mupaka bantu banauliza umeweka nini. Mvua ikianza, masuku, yale matunda ya pori, yanajaa ku barabara, unatoa nyama yake, unaiacha usiku mu sukari na maji kidogo, unachuja, unapata siro yenye hakuna barmani wa Paris ao Dubai eko nayo. Hata munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, ile ya siku moja yenye bado tamu, ukiitikisa na limau na barafu inakuwa kitu kingine kabisa, ujaribu. Ku Nairobi bana kokteli yabo yenye inaitwa Dawa, bageni banaenda kuiuliza Carnivore, restora yenye iko tangu 1980, na ndani ni vodka, limau, asali, barafu na kijiti cha kukorogea, basi. Ilisafiri juu iko rahisi, na juu asali na limau biko pale pale. Sisi tuko na masuku na mi sijaona bado mwenye ameitengenezea kokteli yenye jina. Kitu kimoja tu, barafu na maji: huku kwetu kolera inarudiaga, kwa hiyo maji ya siro unachemsha, barafu unatengeneza na maji yenye umechemsha ao ya chupa, na mu fete ya bantu mia tatu hauweke mukono mu barafu, unatumia kijiko chake. Mapasta mia tatu benye tumbo inabauma batamaliza kazi yako mu siku moja.

Hatari yenye mi naiogopa kwako, kupita robo na kupita afya, ni shaba na cobalt. Weye mwenyewe umeiandika bila kuona uzito wake. 22 februari 2025 serikali ilisimamisha kuuzisha cobalt inje kwa miezi 4, ikaongeza miezi mingine, na paka oktoba njo ilifungua tena kwa kugawia kila kampani kiasi chake. Na bale benye bako na miaka kunipita banakumbuka 2008, bei ya shaba ilianguka na bengi benye balikuwa banakuya kufungua Katanga balikimbia. Launji ya Golf inakunywa ile yenye mines zinakunywa, mines zikikohoa matabishi inakauka. Kwa hiyo usiweke maisha yako yote ku bakliyanti ba kampani. Ndoa haingojage bei ya shaba, bantu hapa banaoana hata mu krizi, banapunguza nyama lakini banaoana.

Na mu ile kazi ya fete kuna kitu chenye patroni wako hakukufundisha, na yule kaka wa Ndola naye nadhani hakupata wakati: hesabu. Chukua chupa ya jini ya 70 cl. Ukipima 4 cl na jiga, unatoa glasi 17. Ukimimina kwa jicho, mukono ukawa muzuri kidogo, 5 cl, unatoa 14. Glasi 3 zimepotea mu chupa moja. Kama kokteli inauzwa dola 8, ni dola 24 zimeenda, na kama chupa 10 zinaisha kwa juma ni dola 240, mushahara wako wa karibu miezi miwili, kwa juma moja. Sasa geuza hesabu: chupa tuseme ni dola 21, gawanya na 17, jini ya glasi moja ni kama dola 1 na senti 25, ongeza limau, siro, toniki, barafu, hata ukifika dola 3, inauzwa 8. Barmedi mwenye anajua kuandika ile ku karatasi, kila kokteli na bei yake ya ndani, hesabu ya chupa mbele ya kuanza usiku na nyuma ya kufunga, ule siyo tena muntu wa dola 6. Ule anaitwa kusimamia baa yote. Mi nilisha kufanya ku hoteli na nilisha kuona patroni akiachisha barmani bazuri babili ba kuchezesha chupa hewani, na akibakisha mumoja mwenye haongee sana juu stoki yake haipotee.

Mikono yako nayo uiendeleze. Usishike majina mia moja ya kokteli kichwani sawa katekisimu. Ushike familia. Pombe, limau, sukari: weka ramu inakuwa Daiquiri, weka wiski inakuwa Whisky Sour, weka tekila na ile likeri ya machungwa fasi ya sukari inakuwa Margarita. Ni sawa bukari, ile ugali, mboga njo inabadilika. Ukisha kushika ile, marakuja na masuku bitaingia byenyewe, juu utajua ikizidi tamu unaongeza nini. Yenye iko na juisi ao yai ao krem unatikisa, yenye ni pombe tupu unakoroga, ile unajua tayari. Kuna shirika la barmani ba dunia, IBA, lilianzia Torquay mu Uingereza 1951, bana orodha ya kokteli zenye barmani wa kila inchi anaombwa kuzijua, na vipimo byote biko wazi ku intaneti, kila muntu anaweza kusoma bure. Jiwekee mbili kwa juma. Upite tena ku INPP, ile fasi ya serikali ya kufundisha kazi, hapa Lubumbashi uulize banafundisha nini mambo ya hoteli na restora na bei gani, juu karatasi yao inajulikana inchi yote, na siku utaenda kuomba kazi ku hoteli kubwa ao ku kantini ya mine Kolwezi batakuuliza breve mbele ya kukuuliza Margarita. Na kiingereza, mudogo. Kliyanti wa Golf na mupaka wa Zambia byote binataka kiingereza.

Jambo moja la mwili wako, juu naona bengi banaharibikia pale. Bakliyanti bataendelea kukununulia glasi. Kunywa kazini kila usiku ni njia yenye inamaliza barmani kupita ubaya wa patroni yeyote. Toniki na limau mu glasi ndefu, unagonga nabo, unacheka nabo, hakuna mwenye atajua, na asubui kichwa ni chako. Na ya kurudia 3h00, muwe na mutu wa taxi-moto mumoja, yeye yeye kila siku, namba yake mama anayo, na kama muko banawake babili ku kazi mupande taxi moja muchange. Ku kazi mpya yenye utaingia, usafiri wa usiku uuombe ndani ya kontra, hoteli za kweli zinapatianaga.

Mama. Mama yako hana ubaya, anaogopa, na ku kitu cha usiku na kujaza chupa eko na haki kuogopa. Usibishane naye juu ya Biblia na divai, hautashinda na hautapata usingizi wake. Siku yenye bamama ba kwaya banakuya kwenu, uombe utengeneze vinywaji, bila pombe hata tone, tangawizi, nanasi, bisapu, glasi zimepangwa, ganda la limau ku mudomo wa glasi sawa kazini. Bale bamama bako na mabinti ba kuolesha. Fete yako ya kwanza itatoka mu ile sale, na mama atakuwa wa kwanza kusema huyu ni mutoto wangu. Haitamaliza woga wake siku moja, usiku utabakia usiku, lakini atakuwa na kitu cha kujibu bakimuuliza.

Mjomba. Dola 180 ya hakika siyo kitu cha kuzarau, na kama weye njo unasomesha badogo, nakuelewa kabisa ukitikisika. Lakini hesabu vizuri: kule unaikala kwake, kila jambo la kwake litakuwa lako pia, kazi ya keshe ya depo haikufundishe kitu chenye utabeba siku depo ikifungwa, na Kasumbalesa hakuna fasi ya kuendeleza mikono yako. Mi nasema hapana. Lakini mwendee weye mwenyewe, usimutumie mesaje, mwambie mjomba asante, nimepata njia ya kujaribu hapa Lubumbashi, kama nyuma ya mwaka haijaenda nitakuya kukuona. Muntu wa depo anajuaga bei ya kila kitu toka Zambia, glasi, sukari, likeri, sheka, atakusaidia kununua bintu byako bya fete kwa bei ya mupaka. Mujibu mbele ya mwezi kuisha, asizuie ile fasi juu yako wakati kuna mwingine mwenye anaitafuta.

Na kadaftari, usikaweke ku kazi. Kabakie ku nyumba, na kila mwisho wa juma upige foto ya zile kurasa uzitume ku simu ya mama.